Sataranji ya Washirika

Oda ya sataranji ilifika wakati kaka yangu ameshapimwa damu kwa ajili ya safari ya Ghuba. Alikuwa amepata nafasi ya ulinzi kupitia wakala mmoja wa Magwagwa, na kilichobaki ni viza tu. Mfanyabiashara anayenunua vinyago vyetu na kuviuza nje alikuja kutoka Kisii mjini, akatukabidhi simu yake tusome ujumbe wa mteja. Kaka aliusoma mara mbili, akamtazama mama, akasema, "Hii ikipita, mimi siendi popote."

Mama alishika kifua kwa mkono uliojaa vumbi la mawe. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya beseni langu la maji na msasa, na nilijua tayari kwamba kupita au kutopita kwa oda hiyo kungepitia mikononi mwangu.

Sisi ni watu wa Tabaka, huku kwenye machimbo ya mawe ya sabuni. Kwetu wanaume huchonga na wanawake husugua. Jiwe hutoka shimoni likiwa na unyevu wake, laini, unaweza kulikata kwa panga kama unakata nduma iliyoiva, na mchongaji hulichonga kabla halijakauka. Kisha kinyago huja kwa mwanamke, akakitia majini, akakisugua kwa msasa mkali, halafu wa wastani, halafu ule laini ambao hausikiki hata ukipita. Nimeifanya kazi hiyo tangu shule ya msingi. Simu yangu haikubali kufunguka kwa kidole, maana vidole vyangu havina tena mistari ya kutambulika.

Baba alikuwa mchongaji hodari. Alipofariki, kaka alirithi kibanda na vifaa, na mimi nikarithi beseni. Kaka ana mkono kumshinda baba, mama mwenyewe amekubali hilo, ila miaka mingi alikuwa anachonga viboko wa kuwekea sabuni na tembo wa saizi moja, na alikuwa amechoka mpaka macho. Siku moja alinionyesha kiboko mkononi mwake akaniuliza, "Huyu anacheka ama analia?" Nikamwambia sijui. "Hata mimi," akasema. "Na ndiye mimi nimemchonga."

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikabaki nyumbani. Sikwenda chuo. Nilijifunza mwenyewe, kwa simu, kwa vitabu vya kuazima, na kwa saiba, duka la intaneti la pale sokoni, ambalo mwenyewe alinizoea hata akaacha kuniuliza nitakaa muda gani. Nilijifunza Kiingereza cha vitabu, nikajifunza namna ya kutafuta jambo hata lisipotaka kupatikana. Lakini lazima nikiri kwamba elimu hii ya kujipa mwenyewe imeniachia ugonjwa. Mtu aliyefundishwa na mwalimu anajua siku aliyomaliza. Mimi sijui. Sijawahi kuambiwa na mtu yeyote, "Inatosha, kaa chini." Kwa hiyo siketi. Nikimtumia mtu ujumbe wa mistari miwili, nitausoma mara kumi baada ya kuutuma, nikitoka jasho, nikitafuta kosa ambalo siwezi tena kulifuta.

Mfanyabiashara alikuwa anaujua ugonjwa wangu na aliupenda, maana mimi ndiye niliyemwandikia vikaratasi vya kuelezea vinyago. Na oda hii, alisema, ilihitaji mtu kama mimi. Mteja alikuwa mama mzee wa ng'ambo. Baba yake alikuwa askari wa kikosi cha wanamaji cha Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, wale askari wanaosafiri na meli lakini kazi yao ni kushuka ufukweni na kupigana. Mzee huyo hakukumbukwa kwa kupigana. Alikumbukwa kwa kufundisha na kufundishwa. Vita vilipokuwa vimepamba moto, nchi washirika zilipelekeana askari, Wamarekani wakaenda kujifunza kwa Waingereza, na Waingereza wakaenda kujifunza kwa Wamarekani, kisha kila upande ukarudi kwao na ujanja wa mwenzake. Binti yake alitaka sataranji ambayo upande mmoja ni kikosi cha baba yake na upande wa pili ni wale wenyeji waliompokea. Alikuwa ameshakataa seti moja kutoka kwingine kwa sababu askari wote walifanana.

"Ukimpendeza huyu," mfanyabiashara alituambia, "ana chama cha watoto wa maaskari hao. Kila mmoja atataka yake. Kazi ya miaka." Kisha akanigeukia mimi. "Dada, wewe tafuta walivyokuwa. Kaka achonge. Lakini usinichelewe, wallahi. Wazee wa huko hawana muda mwingi wa kungoja."

Nilianza siku hiyohiyo.

Sitaki kudanganya: wiki za kwanza zilikuwa wiki nzuri kuliko zote maishani mwangu. Bahari sijawahi kuiona. Maji makubwa niliyoyaona ni ziwa, siku moja, tulipokwenda Kendu Bay na kwaya. Lakini nilikaa juu ya jiwe nje ya kibanda, nikasoma jinsi wageni walivyopelekwa kwenye milima yenye baridi na mvua ya kaskazini mwa Uingereza, wakafundishwa kupanda miamba inayoteleza, kushuka kwa kamba, kuvuka mto uliofurika wakiwa na mizigo mgongoni. Nikasoma jinsi wenyeji nao walivyoenda ng'ambo kujifunza mashua zile bapa ambazo mlango wake wa mbele unaanguka na kuwa daraja. Walichekana. Wenyeji walicheka wageni wanavyotembea gwaride, wageni wakacheka chai ya wenyeji. Hata kupiga saluti kulikuwa tofauti. Mwingereza anageuza kiganja kikuone, Mmarekani anakilaza kielekee chini.

Hilo la saluti lilinipa furaha ya kijinga. Nilimkimbilia kaka.

"Wale askari wadogo wa mstari wa mbele wapige saluti," nikamwambia. "Weupe kiganja nje, wekundu kiganja chini. Hivyo mteja atajua tumefanya kazi."

"Kiganja cha mtu wa urefu wa kidole? Nani atakiona?"

"Yeye ataona."

Akacheka. "Sawa, Profesa. Nionyeshe."

Nikamsimamisha nje akiwa na mpini wa jembe begani, nikamzungusha mkono huku na huku nikilinganisha na picha kwenye simu. Jirani yetu, mama mmoja anayesugua bakuli, aliacha kazi akatazama. "Mnamwandikisha jeshini?" akauliza. "Basi mmechelewa, huyo tumbo limeshatangulia." Kaka alimpigia saluti ya Kiingereza, kisha ya Kimarekani, na mama yangu ndani ya nyumba alicheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu aliposikia habari za Ghuba. Nilidhani tumepona.

Kaka alikwenda machimboni akachagua mawe mwenyewe. Jeupe alilitoa kwenye shimo moja ambalo jiwe lake halina mshipa hata mmoja, safi kama maziwa, na jekundu la waridi akalipata kwingine. Akayakata vipande, akavifunika kwa magunia yaliyolowa na majani ya migomba juu yake, akaniambia, "Yako tayari. Nipe neno."

Sikumpa neno. Nilikuwa nimefika kwenye kofia.

Wenyeji walikuwa na kofia laini ya mviringo iliyolalia sikio moja. Wageni walikuwa na kofia nyembamba iliyokunjwa, kama bahasha uliyoifungua kidogo ukaivaa. Mambo yalikuwa wazi hivyo, mpaka nilipopata picha mbili kwenye mtandao wa maktaba moja ya nje. Kundi lilelile la wageni, nyuso zilezile, nimezihesabu na kuzilinganisha pua kwa pua. Katika picha ya kwanza wamevaa kofia zao. Katika ya pili wamevaa za wenyeji. Je, walipewa hizo kofia walipofuzu? Walizivaa wakati wote wa mafunzo? Au waliazimana tu kwa mzaha siku ya kuagana, kama watu wanavyovuana makoti kwenye harusi? Kwenye kinyago cha urefu wa kidole, kofia ndiyo kila kitu. Ukikosea kofia umekosea mtu.

Niliandika barua pepe kwa maktaba ile. Nilichukua siku tatu kuiandika. Kisha nikangoja.

Hapa ndipo ninaposhindwa kujieleza kwa watu, hata kwa nafsi yangu. Nilikuwa ninajua habari za jiwe. Hakuna aliyehitaji kuniambia. Mtoto wa Tabaka anajua jiwe la kuchongwa halingoji, kama unga uliokandwa haungoji. Gunia lililolowa linalitunza siku chache, wiki mbili ukiwa mwangalifu, lakini ule ulikuwa mwezi wa jua kali, kijito kilikuwa kimebaki uzi, na maji tuliyochota yaligawanywa kati ya jikoni, ng'ombe na beseni langu. Niliyamwagia magunia kila asubuhi. Niliyaona yakikauka kabla ya saa sita. Na bado kaka aliponiuliza, "Vipi, nianze?" nilisema, "Kesho. Watanijibu kesho."

"Anza na za wenyeji basi," akasema siku moja. "Hao kofia zao si unazijua?"

Ilikuwa hoja nzuri kabisa. Nikamwambia hapana, pande zote mbili lazima zipangwe pamoja, urefu wa shingo unategemea kofia, na kama tutabadilisha upande mmoja uwiano utaharibika. Nilisema maneno mengi. Nilikuwa na michoro, nilikuwa na vipimo. Kaka hakusoma zaidi ya kidato cha pili, na anapoona karatasi zangu huinua mikono kama mtu aliyesimamishwa na polisi. Nilitumia karatasi kumnyamazisha, nami nilijua ninachofanya.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Ilimradi hatujaanza, oda ilikuwa haijakataliwa, na kaka alikuwa hajaenda. Nilikuwa nimepata mahali ambapo mambo yote mawili bado yanawezekana, nikataka tukae hapo.

Nilifika hatua ya kutafuta hata siku ya Sabato. Sisi ni Waadventista. Kuanzia Ijumaa jua likizama kwetu hakuna kazi, hakuna simu ya kazi. Nilikuwa nakaa benchi la nyuma kanisani na Biblia imefunguliwa, simu katikati ya kurasa, nikisoma jinsi watu walivyofundishana kumkaba mlinzi kwa nyuma asitoe sauti. Mama aliniona. Alingoja tutoke.

"Hao maaskari wako hawana Sabato?"

"Mama, ni kwa ajili ya kaka."

"Kaka yako anataka jiwe lichongwe. Wewe unataka nini?"

Nilifunga Biblia, simu ikiwa bado ndani, nikatangulia njia.

Jibu la maktaba lilikuja siku ambayo wingu la kwanza la masika lilikaa juu ya Tabaka. Mhudumu aliandika kwa adabu sana. Alinishukuru kwa swali makini, akasema hakuna aliyewahi kuliuliza, na kwamba picha zile ziliwafikia bila maelezo yoyote. Wao pia hawajui. Huenda haitajulikana kamwe, alisema, kwa kuwa walioijua wameshafariki.

Nilisoma barua hiyo nimesimama. Kisha nikaenda kwa kaka nikamwambia, "Wape kofia zao wenyewe. Anza."

Alifunua magunia. Akagonga jiwe jeupe kwa ukucha, akasikiliza. Sauti ilikuwa kavu, ya juu, kama sahani. Aliligeuza akalitazama upande wa pili.

"Tutafute lingine," nikasema.

Usiku ule mvua ilinyesha, na asubuhi shimo la jiwe safi lilikuwa limejaa maji. Wachimbaji walimwambia kaka angoje mpaka masika yaishe. Mfanyabiashara alikuwa ameshapiga simu mara nyingi, na kutoka kuuliza kwa utani alikuwa amefika kuuliza bila salamu. Kaka akayatumbukiza mawe yaleyale kwenye pipa la maji, akayaacha siku mbili, akaanza.

Nimemtazama kaka yangu akichonga maisha yangu yote na sijawahi kumwona akichonga vile. Kwa jiwe kavu hakuweza kutumia panga ila kidogo. Alikwangua kwa kisu, polepole, ameuma ulimi. Alizichonga ngome kuwa mashua zile zenye mlango unaoanguka. Farasi aliwafanya watu wawili wanaopanda mwamba kwa kamba moja, mmoja wa kila kikosi, na hilo halikutoka kwenye karatasi zangu, lilitoka kichwani mwake. Askari wadogo walipiga saluti, na viganja vilionekana. Nilivitazama nikalia, nikasingizia vumbi.

Nyufa zilitokea kwenye beseni langu.

Jiwe lililokauka vibaya huficha ufa ndani, na maji ndiyo huutoa. Nilikuwa nasugua mfalme mweupe kwa msasa wa pili nilipoona mstari mwembamba kama unywele ukizunguka shingo. Nikafikiri ni uchafu. Nikausugua, ukarefuka. Nikamtoa mfalme majini nikamweka kwenye kitambaa, kichwa kikabaki na mwili kwa bahati tu. Baada yake wengine walifuata, kamba za wapandaji, mlango wa mashua moja, mikono kadhaa ya saluti.

Kaka hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Alileta gundi na vumbi la jiwe lilelile, akachanganya, akajaza kila ufa kwa ncha ya sindano, akangoja, akanirudishia nisugue. Hii si aibu kwetu, kila kibanda kinafanya. Alipomaliza hata mimi, niliyejua mahali, ilibidi niinamishe kipande kwenye mwanga ndipo nione kivuli.

"Itafika," kaka alisema. "Ikifika, mama wa watu ataiweka kwenye kabati. Nani anachezea wafalme shingo?"

"Na seti zinazofuata?"

"Zinazofuata tutachonga jiwe bichi. Hii ndiyo inafungua mlango tu. Unanisikia? Hii inafungua mlango tu."

Nilimwambia namsikia. Tulikwenda mjini pamoja.

Duka la mfanyabiashara liko karibu na msikiti, chumba kirefu chenye rafu mpaka darini, na nyuma yake nyumba yao, ambako daima kunanukia mchele wa viungo. Alitoa vipande kimoja kimoja kwenye magazeti akavipanga mezani. Aliwatazama wapandaji kwa muda mrefu. "Mashaallah," akasema. "Mashaallah, kijana. Hii kazi." Akamwita mkewe aje aone. Kaka alisimama mikono nyuma, akijaribu kutotabasamu, na jasho lilikuwa limemlowesha shati. Mke wa mfanyabiashara akauliza wale wenye mikono juu wanafanya nini, na kaka akampigia saluti zote mbili, akaeleza tofauti, akaeleza vizuri, kama mtu aliyekuwepo.

Mfanyabiashara alimchukua mfalme mweupe, akaanza kumfunga upya kwa gazeti.

"Huyo shingo yake ina gundi," nikasema.

Sijui nilitarajia nini. Nilikuwa nimeapa njiani kwamba nitanyamaza. Lakini nilimwona mfalme akizungushiwa gazeti, nikamwona akifunguliwa na yule mama mzee, nikaona kile kivuli shingoni, nikaona vidole vyake vikikisugua, na mdomo wangu ukafunguka. Na ukishafunguka haufungi. Nikasema na mashua. Nikasema na kamba. Nikasema mawe yalikauka kwa sababu yangu. Nikasema hata habari za kofia hatuna hakika nazo, kwamba huenda wageni walivaa kofia za wenyeji, kwamba maktaba yenyewe haijui.

Kaka alikuwa ananitazama kana kwamba ninaongea lugha ambayo hajawahi kuisikia.

Mfanyabiashara aliweka mfalme mezani taratibu. "Dada," akasema, "mimi nimeuza mawe kabla wewe hujazaliwa. Gundi naijua. Nimeiona nilipomfungua."

"Basi—"

"Basi ungeniacha. Mimi nikiona mwenyewe, nimeona, najua nitamwambia nini mteja. Lakini ukiniambia hivi, mbele ya mke wangu, kwa mdomo wako, umenifunga. Yule mama ameniuliza kwa maandishi kama kazi ni nzima. Nitamjibu nini sasa? Niandike ni nzima, na nimeambiwa si nzima?" Alikuwa haongei kwa hasira. "Mungu akulipe kwa kusema kweli. Lakini hukusema kwa ajili yangu, wala kwa ajili yake."

Akamwandikia mteja. Mteja akajibu kwa upole kwamba anashukuru kwa ukweli wetu, ila seti yenye nyufa hataipokea, na hali yake ya afya haimruhusu kungoja nyingine.

Tulirudi Tabaka na boksi. Kaka alilibeba mapajani njia nzima. Tulipofika karibu na nyumbani ndipo alipoongea.

"Ungenyamaza tu," akasema. "Mara moja. Kazi yako ilikuwa kunyamaza."

Kesho yake alimpigia simu wakala wa Magwagwa.

Viza ilitoka haraka, kama kitu kilichokuwa kinangoja mlangoni. Mama hakulia. Alipika, akafua, akakunja. Siku moja alikuja kusimama mbele ya beseni langu na simu yake ndogo mkononi, ile isiyo na mtandao.

"Wewe ulitafuta wazungu waliokufa zamani," akasema, "mpaka ukajua mikono yao ilikaaje. Nitafutie hawa wanaomchukua mwanangu. Niambie kama ni watu wazuri."

Nikatafuta. Niliacha msasa kabisa, nikatafuta kama sijawahi kutafuta. Kampuni ilikuwa na jina kwenye karatasi za wakala, na jina linalokaribiana nalo kwenye mtandao, na sikuweza kujua kama ni moja. Ilikuwa na picha ya jengo la vioo ambalo nililikuta pia kwenye matangazo ya kampuni nyingine mbili. Mtu mmoja alikuwa ameandika kwamba amelipwa vizuri na amejenga nyumba kwao. Mwingine aliandika sentensi moja akiomba msaada, kisha hakuandika tena. Nilimwandikia. Niliwaandikia wote wawili. Nilikwenda mpaka Magwagwa kumwona wakala, kijana mwenye maneno laini aliyeniita "sister" na kunipa soda. Kwa kila swali alinijibu kwa jibu ambalo lilikuwa sahihi na halikunisaidia.

"Jibu ni gani, Profesa?" kaka aliniuliza siku ya mwisho. Alikuwa anafunga begi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo tangu mjini, na nilishukuru kwa jina hilo kuliko nilivyowahi kushukuru kwa kitu chochote.

"Bado."

"Bado mbaya ama bado nzuri?"

"Sijui. Nipe wiki moja. Nipe wiki moja tu, kuna mtu sijajibiwa na yeye."

Alifunga zipu. "Wiki zako nazijua," akasema, na hakusema kwa ukali. Alinikumbatia, akinukia sabuni ya mche na mavazi mapya.

Sasa kibanda kimefungwa. Nasugua bakuli za jirani. Kaka hupiga simu anapoweza, na sauti yake huja na kuondoka kama inapitia bomba. Anasema chakula kipo. Anasema jua la huko si jua la kwetu. Juzi, katikati ya habari nyingine, alisema kwamba pasi zao za kusafiria zimechukuliwa zikawekwe ofisini, ili zisipotee, na akaendelea kuuliza kama ng'ombe amezaa.

Nimesoma sana kuhusu pasi zinazochukuliwa zikawekwe ofisini. Nimesoma zaidi ya nilivyotaka.

Mama alikuwa amekaa karibu nami, ameinamisha kichwa apate kusikia. Simu ilipokatika akaniuliza amesema nini, maana siku hizi sikio lake moja halishiki vizuri. Nikamwambia amesema yuko salama, anakusalimia, na anauliza habari za ng'ombe.

"Ng'ombe," mama akasema, akatabasamu kidogo, akaingia ndani kuweka chai. Nikarudisha mikono yangu majini.